Nyuzi Nilizomlegezea Kaka

Mliosoma wiki jana mmeniandikia maneno makali, na ninayastahili. Mmoja kaniita nyoka. Mama mmoja kaandika mstari mmoja tu: "Kwa nini hukumwambia kaka yako ukweli?"

Nitamjibu. Ila kwanza niwashike mkono wanaoingia leo.

Mimi ni Ilpo, mpiga gitaa wa Routaruusu, bendi ya roki ya mji wetu wa Varkaus, huku Ufini. Mwimbaji alikuwa kaka yangu Tarmo. Besi alipiga Hessu, ngoma Veijo. Mwaka 1987 tulitoa wimbo mmoja wa mapenzi, "Barua ya Machi", redio zikaupiga mpaka watu wakauchoka, wakapumzika, kisha wakaupenda tena. Sifa yote ya wimbo ule ilikuwa sauti moja ya juu kwenye kiitikio. Tarmo akiifikia, wanawake walifumba macho na wanaume walitazama viatu vyao.

Baba alikufa nikiwa na miaka tisa. Tarmo akaacha shule, akaingia kiwanda cha karatasi, na gitaa langu la kwanza alininunulia yeye. Kwa hiyo mkisikia nasema kaka, jueni nasema baba pia.

Vuli ya mwaka 1991 sauti ile ilianza kumkimbia. Wiki jana niliishia pale ukumbi wa Iisalmi, ilipomkatikia mbele ya watu mia tatu, naye akatoka kwa mlango wa nyuma na kusema amepaliwa na mate. Tukapanda gari kurudi nyumbani. Mimi nikawa nimeshaamua upumbavu wangu.

Sasa swali la yule mama. Mama msomaji, kwetu mtu akivaa soksi iliyotoboka humwambii. Unanyamaza, na Krismasi ikifika unampa jozi mpya. Jambo la aibu unamrekebishia mwenzako akiwa hayupo. Naye akigundua ananyamaza vilevile, mnakunywa kahawa, yamekwisha. Hiyo tunaiita heshima. Nami nilimrekebishia kaka yangu sauti kwa heshima hiyohiyo.

Nililegeza gitaa.

Asiyejua muziki anielewe kwa urahisi. Ukizilegeza nyuzi zote kwa kipimo kimoja, wimbo unabaki uleule na vidole vinakwenda palepale, ila wimbo mzima unashuka chini. Mwimbaji naye anashuka nao. Sauti aliyokuwa akiipandia ngazi sasa anaichukua mezani. Tarmo hakuwahi kujifunza chombo chochote. Alisubiri gitaa langu limwonyeshe pa kuanzia, akaanza. Aliniamini kama watu wanavyoamini saa ya ukutani.

Peke yangu nisingeweza, besi lazima ishuke pia. Nikamdanganya Hessu kwamba mambo yamebadilika, vijana wanataka roki nzito, tushushe nusu sauti, hatua moja ndogo ya muziki, tuone. Hessu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akininung'unikia kwamba tunapiga muziki wa kulaza watoto, nusura anibusu. Nikamwomba asimwambie Tarmo, eti kaka ni mtu wa mambo ya zamani, tutamzoesha polepole. Mpiga kinanda wetu alikuwa amehamia Uswidi, kwa hiyo hakikuwepo chombo kisicholegezeka cha kunisuta.

Nyuzi zilizolegea zikapiga kelele za bati, ikabidi tufunge nyuzi nene. Nyuzi nene zikataka spika zifunguliwe zaidi. Veijo, ili naye asikike, akaanza kupiga ngoma kama anapasua kuni. Wiki ya tatu chumba chetu cha mazoezi kilikuwa kinatikisa vikombe vya ghorofa ya juu. Roki yetu tamu ya wapenzi ilikuwa imeota ndevu.

Juu ya ngurumo hiyo Tarmo akaimba "Barua ya Machi". Alipokaribia kiitikio nikaona mishipa ya shingo imejiandaa kwa aibu. Sauti ikatoka nzima. Akanyamaza katikati ya wimbo, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tumesikia," nikasema.

"Rudieni."

Tukarudia mara nne. Mara ya nne machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia sigara ya Veijo. Mimi niliinamia gitaa kama ninatafuta kitu. Nilikuwa na furaha, wasomaji, siwafichi. Nilimvika kaka yangu kilemba cha ukoka na nikaona kimempendeza.

Tatizo ni kwamba koo lake halikusimama pale. Lilizidi kushuka, nami nikazidi kulegeza. Kufikia Desemba nilikuwa nimeshusha nusu sauti tatu, na Tarmo alikuwa anatembea mjini kifua mbele.

Ndipo akatokea bwana Lindroos.

Alikuwa mtu wa kampuni ya kurekodi ya Helsinki. Alitusikia Kuopio, wiki moja kabla ya Krismasi. Usiku ule pale mbele ya jukwaa, walipozoea kucheza wachumba wameshikana viuno, walijaa vijana wenye nywele ndefu wanatikisa vichwa. Tarmo alidhani wanamshangilia yeye. Aliwainamia kama padri.

Mwezi wa kwanza Lindroos akatuita kwenye mkahawa wa stesheni, watu watatu bila Tarmo. Akatueleza kwamba anataka albamu nzima, nyimbo kumi, tuingie studio mwezi Machi. Hessu akanibinya goti chini ya meza. Veijo, ambaye hacheki, akacheka. Kisha Lindroos akakoroga kahawa yake muda mrefu.

"Ila mwimbaji hapana," akasema.

"Mwimbaji ni kaka yangu."

"Najua. Ana sauti nzuri, lakini ni ya kwenye harusi. Huu muziki mliouunda unataka mtu wa kunguruma. Ninaye kijana mmoja wa Oulu, mkimsikia mtafunga milango."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Muziki ule sikuuunda mimi. Ulitokea tu, nikiwa natafuta jambo lingine kabisa. Nilizilegeza nyuzi ili Tarmo abaki, na sasa nyuzi zilezile zilikuwa zinamfukuza.

Ningeweza kumwambia Lindroos palepale kwamba uzito wote huo ni dawa ya koo la mgonjwa. Lakini hapo ningemvua kaka yangu nguo mbele ya mgeni. Nikanywa kahawa.

Katika bendi yetu kila mtu alikuwa na kura moja. Hessu akanyoosha mkono. Veijo akanyoosha. Mimi sikunyoosha, wala sikusema hapana. Kwetu asiyesema hapana amesema jambo, nao wakalichukua hivyo.

"Wewe ndiye ndugu yake," Hessu akaniambia tukiwa nje, theluji inatuanguka mabegani. "Umwambie wewe. Mkataba ni Jumatatu tarehe ishirini na saba. Usimwache asikie mitaani, Ilpo, huyo mtu ni mwema."

"Mwema, na bado umenyoosha mkono."

"Nina miaka thelathini na miwili," akasema. "Ukumbi wa dansi ukifungwa nitapiga wapi, kwenye mazishi?"

Watu kumi na wawili kiwandani walikuwa wamepunguzwa kazi mwezi ule, na Hessu alikuwa mmoja wao.

Nikasogeza siku. Jumatatu nilisema Jumatano, Jumatano nikasema Jumamosi. Jumamosi ikafika. Kesho yake mama yetu, Lempi, alikuwa anatimiza miaka sabini, na sote wawili tulikwenda kwake kumsaidia maandalizi. Saa kumi jioni sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ikawa tayari.

Sauna ndimo tunamosemea mambo mazito. Mko uchi, mnatazama mawe badala ya macho, na ulimi unalegea. Nilikaa benchi la juu karibu na kaka, nikapiga moyo konde.

"Kaka, nina jambo."

"Hata mimi ninalo," akasema. "Mkubwa kwanza."

Akamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda, tukainamisha vichwa mpaka upite. Kisha akaongea akiangalia mlango.

"Kule Iisalmi sikupaliwa. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa daktari wa koo Kuopio. Akaniingiza mrija, akanionyesha kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Kina mshipa wa damu. Akasema nisipande juu hata kidogo mpaka anipasue. Mshipa ukipasuka, hata chumvi mezani nitaomba kwa kuandika."

Niliona baridi mle ndani, na mawe yanawaka.

"Atakupasua lini?"

"Ilikuwa iwe Jumanne hii, tarehe ishirini na nane. Nimempigia simu juzi nikafuta."

"Umefuta?"

"Nimepona, mdogo wangu." Akanigeukia, uso mzima umejaa jasho na furaha. "Wewe mwenyewe unasikia. Nikienda pale juu hakuna maumivu, hakuna kukwama. Tangu Oktoba inapanda tu. Nilikuwa sitaki kuwaambia, niliogopa kuitia mkosi. Huyo daktari atalijua koo langu kunizidi mimi?"

Akanichapa mgongoni kwa fungu la matawi tunalojichapia saunani, kama alivyokuwa akinichapa nikiwa mtoto, kwa upendo.

"Haya, jambo lako?"

Wasomaji wangu, maneno yalikuwa machache. Hukupona, nimelegeza nyuzi. Mpigie daktari simu Jumatatu asubuhi. Na bendi imekuacha. Hata mtu mwenye moyo wa kuku angeyasema. Mimi niliyatazama mawe.

"Mama anataka tukaazime viti kwa jirani," nikasema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Naandika haya miaka mingi imepita, na bado kuna siku naamka nimelisema lile neno la kweli ndotoni, kaka ananikasirikia, na nafurahi kupita kiasi.

Jumapili tangu saa sita mchana wageni walifurika. Mama alikuwa ameoka aina saba za mikate na vitafunio, chini ya hapo majirani wangeongea mpaka Pasaka. Alivaa kifuani bruchi ya fedha, pambo alilopewa na baba. Kila mgeni alimpa mkono, akapokea kikombe, akatafuta ukuta wa kuegemea. Hessu na Veijo walikuja wamechana nywele. Hessu akaniinulia nyusi kuuliza kama nimemwambia. Nikatikisa kichwa kuwa bado. Akaweka kikombe chini, kahawa imemshinda.

Niliapa kwamba wageni wakiondoka tu, nitasema. Nilijipa mpaka saa kumi.

Saa nane mama akagonga kijiko kwenye kikombe.

"Hotuba zimetosha," akasema. "Nimesifiwa mpaka nimejisikia maiti. Sasa Tarmo aniimbie wimbo wangu."

Wimbo wake ulikuwa "Barua ya Machi". Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake Tarmo aliuimba pale sebuleni, na mzee Armas, kantori, yaani mpiga kinanda na mwongoza nyimbo wa kanisa letu, alimpigia kile kinanda cha mbao cha mama. Mzee Armas aliuandika wimbo wote kwa noti mwaka ule ulipotoka. Kinanda hicho hakina nyuzi za kulegeza. Sauti zake ziko pale walipoziweka waliokitengeneza.

Tarmo alishasimama, anafunga kifungo cha koti.

"Mama, nimpigie mimi gitaa," nikadakia. "Liko kwenye gari."

"Gitaa lako siku hizi linanguruma kama trekta la kuondoa theluji," mama akasema, watu wakacheka. "Nataka kinanda. Kaa chini, mwanangu, ule keki."

Sikukaa. Nikazunguka nyuma ya wageni mpaka kwa mzee Armas aliyekuwa akipanga karatasi zake. Nikamwinamia sikioni.

"Mzee wangu, uushushe wimbo nusu sauti tatu. Kama tunavyopiga sisi siku hizi."

Nilisahau kwamba sikio lile lilikuwa limeshachoka. Mzee Armas alikuwa ametumikia kinanda kikubwa cha filimbi cha kanisani miaka arobaini, na aliongea na kila mtu kama yuko mwisho wa kanisa.

"Nusu tatu chini?" akasema. "Ndiko mnakopiga siku hizi? Huo si wimbo tena, huo ni mazishi. Mbona Tarmo anaifikia ile sauti ya juu palepale pa zamani?"

Wageni wakatugeukia. Wengi hawakuelewa. Hessu akageukia dirisha. Veijo, ambaye hakuwa akijua kwa nini tulishusha, nilimwona akielewa palepale, mkono wenye biskuti umesimama hewani.

Tarmo alielewa pia. Nilimtazama akirudi nyuma kichwani mwake, mazoezi kwa mazoezi, mpaka ile siku ya machozi na moshi wa sigara.

"Ilpo," akasema taratibu. "Tangu lini?"

"Oktoba."

"Nusu tatu?"

"Tulianza na moja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei ya samaki. Alitabasamu, na tabasamu lile lilinikata maini.

"Kwa hiyo sikupona," akasema.

"Kaka, nilitaka—"

"Najua ulichotaka. Mimi ndiye niliyekulea."

Mama akatutazama, mmoja hadi mwingine. "Hakupona nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama," Tarmo akasema. Akamgeukia mzee Armas, akaongea kwa nguvu ili asikike. "Mzee, piga pale pa zamani."

Nikamshika mkono mbele ya wote, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nikamwambia usiimbe, kumbuka daktari. Mama akauliza daktari gani. Tarmo akautoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, bila hasira.

"Umenidanganya miezi mitatu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Niachie dakika tatu, nijue mimi mwenyewe niko wapi."

Mzee Armas akakanyaga mivukuto ya upepo ya kinanda. Wimbo ukaanza.

Beti za kwanza zilikuwa chini, Tarmo akazipita. Sauti ilikuwa na ukwaruzo, lakini ilikuwa yake, bila gitaa la kujifichia, na nikagundua kwamba sikuwa nimeisikia vizuri kwa miezi. Nilikuwa nimeizika chini ya kelele zangu. Veijo akavua miwani. Mama akafumba macho kabla ya wakati.

Kiitikio kikafika. Nilihesabu pamoja naye kimoyomoyo, kama nilivyofanya jukwaani miaka yote. Akavuta pumzi mpaka koti likambana.

Akaifikia. Nawaapia, aliifikia, nzima kama ya mwaka 1987, na kwa pumzi moja niliamini kwamba yeye alikuwa sahihi, na daktari na mimi ndio tulikuwa wapumbavu.

Kisha ikakatika, kama redio iliyochomolewa waya.

Mzee Armas hakusikia. Aliendelea kupiga peke yake, kichwa kinatikisika kwa raha, kiitikio mpaka mwisho, huku kaka yangu amesimama katikati ya sebule na mkono kooni. Mama alifumbua macho.

Tarmo akanitafuta kati ya wageni mpaka akanipata. Midomo yake ikatamka jina langu. Nililiona, sikulisikia.